X-Men na daftari la madeni: kinachoshikilia komiki ya kikosi, na kinachoiangusha

Chukua matoleo sita ya Uncanny X-Men, komiki ya Marvel kuhusu kikosi cha mamutanti, watu waliozaliwa na nguvu za ajabu: 170, 173, 185, 186, 198 na 201. Yapange mezani kwa mfuatano huo na uyasome bila kugusa mengine.

Katika la 170, mwaka 1983, Storm, mwanakikosi anayetawala hali ya hewa, ni mgonjwa, hata kusimama ni kazi. Mwenzake Angel ametekwa na Morlocks, mamutanti wanaoishi kwenye mahandaki chini ya New York, na kiongozi wao Callisto hamwachii mpaka mtu apigane naye kwa visu. Storm ameapa kutomwaga damu ya mtu. Anachukua kisu, anapigana, anamchoma Callisto moyoni. Callisto anaokolewa na mponyaji wa Morlocks, lakini kiapo ndiyo kimekwisha. Katika la 173 anarudi amenyoa nywele pande zote mbili za kichwa, amevaa ngozi nyeusi, na Kitty Pryde, binti aliyekuwa akimwona kama mama, anamtazama na kukimbia kwa uchungu. Katika la 185 silaha iliyolengwa kwa mwenzake Rogue inampata yeye, na nguvu zake zote zinazimika. La 186 karibu lote ni watu wawili wakizungumza nyumbani kwa Forge, mtu aliyeitengeneza silaha hiyo, na Storm anaanza kumpenda kabla hajajua. La 198 linampeleka Afrika akiwa binadamu wa kawaida. Kisha la 201, mwanzoni mwa 1986: anapambana na Cyclops, kiongozi wa zamani, kugombea uongozi wa kikosi, bila upepo, bila radi, na anashinda.

Hiyo ni takriban miaka mitatu ya kalenda. Katikati yake X-Men walipigana na maadui kibao, wakaenda anga za mbali na kurudi, wanakikosi wengine wakaingia na kutoka. Mwandishi Chris Claremont alikuwa anampa Storm kurasa mbili hapa, nne pale, na mara chache tu toleo zima. Ndiyo maana ushindi wa 201 una uzito. Kila hatua ilikuwa deni lililoandikwa, na kila deni lililipwa na mtu yuleyule aliyelikopa.

Kwa wasomaji wa huku kwetu Storm ana nafasi ya pekee. Mama yake N'Dare ni Mkenya, na Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anapomfuata mwaka 1975 anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Jina lake ni Ororo, neno ambalo kwa Kiswahili lipo na maana yake ni laini, kama tunavyosema ngozi nyororo. Ila kinachomfanya adumu ni zile hatua sita, siyo asili yake. Angebaki mungu wa mvua tu angechosha ndani ya mwaka mmoja.

Sasa, hesabu hii inafanywaje? Maelezo bora yanatoka kwa kampuni shindani ya Marvel, DC, kwa mwandishi Paul Levitz. Aliandika Legion of Super-Heroes kuanzia 1982 hadi 1989, komiki yenye wanachama zaidi ya 20, kila mmoja akitakiwa kuwa na nguvu ambayo mwingine hana. Huwezi kuandika watu 20 kwa kukumbuka kichwani. Levitz alichora jedwali: matoleo yanakwenda upande mmoja, nyuzi za visa zinakwenda upande mwingine. Dennis O'Neil alilieleza jedwali hilo kwenye mwongozo wake wa uandishi wa komiki wa 2001, na tangu hapo wengi wanaliita kwa jina la Levitz.

Linafanya kazi hivi. Kila toleo lina uzi A, ambao ndio kisa kikuu. Uzi B unapata nafasi ndogo zaidi, C kidogo tena, na D labda ukurasa mmoja au picha mbili. A inapomalizika, haumwachi msomaji kwenye kiwanja kitupu. B inapanda kuwa A, C inapanda kuwa B, D inapanda kuwa C, na unapanda mbegu mpya chini. Ukiwa na kurasa 22, mgawo unaofaa ni kama 13 kwa A, 5 kwa B, 3 kwa C na 1 kwa D. X-Men ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kurasa 17 tu, kwa hiyo C na D zilibanwa kwenye pembe za picha: mtu anapiga simu na hapokelewi, kivuli kinatazama dirishani.

Kosa la kwanza hapa ni kupandisha uzi haraka. D iliyoonekana mara moja ikigeuzwa A mwezi unaofuata haina mzizi, msomaji anaona adui ametoka mfukoni. Kosa la pili ni kinyume chake, uzi kukaa chini muda mrefu bila kuguswa. Komiki ya kila mwezi ikipitisha matoleo matatu au manne bila kuutaja uzi, msomaji wa kawaida ameshausahau, na siku ukipanda itabidi utumie kurasa nzima kumkumbusha. Kosa la tatu, ambalo waandishi wapya hulifanya sana, ni kumgawia kila mwanakikosi uzi wake kwa wakati mmoja. Watu saba, nyuzi saba, kurasa tatu kila mmoja: hapo hakuna kisa, kuna mahudhurio tu.

Mfano wa uzi uliopanda sawasawa ni wa Phoenix, jina jipya la mwanakikosi Jean Grey. Jean Grey anatoka majini Jamaica Bay akiwa na nguvu mpya katika toleo la 101, mwaka 1976. Katika la 108 anatengeneza ulimwengu uliokuwa unapasuka. Kisha Claremont na mchoraji John Byrne wanamshusha. Baada ya la 113 Jean na mwenzake Beast wanaamini wenzao wamekufa, na wenzao wanaamini wao wamekufa. Kikosi kinapita Savage Land, kinapita Japani, kinapita Kanada, huku Jean akionekana kwa vipande vidogo tu, akiwa na mwanamume anayemwonyesha ndoto za karne ya 18. Mwanamume huyo ni adui wa zamani, Mastermind, na msomaji makini anaanza kumshuku mapema. Jean na kikosi wanakutana tena kwenye kisa cha Muir Island, matoleo 125 hadi 128, na kuanzia 129 uzi wa Jean unashika usukani. Katika la 135 anazima nyota na kuua watu bilioni 5 wa sayari moja. Katika la 137, mwaka 1980, anajiua.

Mwisho huo haukuwa wa kwanza kuandikwa. Mwisho wa awali ulimwacha hai akiwa amenyang'anywa nguvu. Mhariri mkuu Jim Shooter akakataa: mtu hawezi kuua sayari nzima halafu arudi nyumbani. Mashabiki bado wanagawanyika hapo. Mimi nipo upande wa Shooter kwa hili. Bilioni 5 ni deni ambalo halilipwi kwa kunyang'anywa nguvu. Waandishi wenyewe ndio waliolikopa walipochora sayari ile ikiungua, na mhariri alichofanya ni kudai kilichoandikwa kwenye daftari.

Uamuzi wa mwaka 1986 siutetei hata kidogo. Marvel walitaka wale X-Men watano wa 1963 warudi pamoja katika komiki mpya, X-Factor, na Jean, mmoja wao, alikuwa amekufa. Njia ilipatikana: Phoenix hakuwa Jean, alikuwa nakala yake, na Jean halisi alikuwa amelala ndani ya kifuko chini ya Jamaica Bay muda wote. Wazo hilo lilitokana na mwandishi Kurt Busiek alipokuwa bado shabiki tu, na kama fumbo ni zuri kweli. Linamtoa Jean kwenye hatia bila kufuta kurasa zilizochapwa. Tatizo ni Cyclops. Wakati huo ameoa, mke wake Madelyne ana mtoto mchanga katika toleo lile lile la 201. X-Factor namba 1 inapofika, anasikia Jean, mpenzi wake wa zamani, yuko hai na anaondoka, anamwacha mke na kichanga.

Angalia ilivyogharimu kulisafisha hilo. Ili Cyclops asionekane mtu wa hovyo, Madelyne akafanywa nakala ya Jean iliyotengenezwa na adui Mister Sinister, kisha akageuzwa adui na kufa katika kisa cha Inferno, 1989. Mtoto, Nathan, akapelekwa wakati ujao mwaka 1991 na kurudi akiwa Cable, mzee kuliko baba yake. Miaka mitano ya visa, vingine vizuri, vyote vikilipa riba ya uamuzi mmoja wa ofisini. Na doa la Cyclops halijatoka. Mpaka leo ukimtaja kwa mashabiki, kuna atakayekumbusha mke na mtoto.

Claremont aliondoka 1991 baada ya miaka 16, na ndipo ugonjwa mwingine ulipoonekana: uzi usio na mwenye kuufunga. Bishop aliingia mwaka huo huo kutoka wakati ujao, akaja na habari kwamba X-Men watauawa na msaliti wa ndani. Kanda aliyoiona imeharibika, jina halisikiki. Ndoano nzuri sana. Lakini waandishi wakabadilika, na jibu likaja 1996 katika kisa cha Onslaught: Profesa Xavier mwenyewe. Ukirudi kusoma matoleo ya 1992 ukitafuta dalili za Xavier, huzipati zikiwa zimepangwa. Jibu lilichaguliwa baadaye, likavalishwa swali.

Uzi wa virusi vya Legacy, ugonjwa unaoua mamutanti, ulikuwa na shida hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Virusi vilianza 1993, na mwaka huo vikamuua Illyana, dada mdogo wa mwanakikosi Colossus, katika toleo la 303, mojawapo ya matoleo ya huzuni iliyoandikwa kwa utulivu katika muongo ule. Baada ya hapo vikawa vinatajwa tu, mwaka baada ya mwaka, mtu anakohoa, mtu anapima damu. Vilimalizwa 2001 katika toleo la 390, Colossus akijidunga dawa inayomuua ili isambae. Mwaka 2004 akarudi hai. Uzi wa miaka minane ulilipwa kwa kifo, kisha malipo yakarudishwa baada ya mitatu.

Kifo ndicho kinachowakasirisha mashabiki kuliko yote, lakini nadhani tunakasirikia sehemu isiyo sahihi. Kufufuka siyo kosa lenyewe. Mwanakikosi Thunderbird alikufa katika toleo la 95, mwaka 1975, toleo la pili tu la kikosi kipya baada ya Giant-Size X-Men, toleo maalum lililokianzisha, na aliachwa kaburini zaidi ya miaka 40. Kifo chake kikazaa kisa: mdogo wake James anatokea 1984 akitaka kulipiza kisasi kwa Xavier, kisha anakua, anakuwa Warpath, anakuwa mtu kamili. Kifo kilichozaa hakihitaji kufutwa. Kinachoudhi ni kifo kilichowekwa kwa ajili ya jalada, ambacho miezi sita baadaye hakuna anayekitaja.

Mwandishi Jonathan Hickman aliliona hilo na mwaka 2019 akafanya kitu cha ujasiri: aligeuza ufufuo kuwa kanuni iliyo wazi. Katika House of X namba 5 unaonyeshwa mitambo yake hatua kwa hatua. Goldballs anatoa mayai, Proteus anayafanya yawe na uwezo wa kuzaa uhai, Elixir anauwasha uhai huo, Tempus anakuza mwili kwa kusogeza muda, Hope anaunganisha nguvu za wote wanne zifanye kazi kama moja, na Xavier anarudisha akili iliyohifadhiwa na mashine yake, Cerebro. Mara moja swali likahama kutoka "atarudi lini?" kwenda "aliyerudi ni yuleyule?" na "nani anawekwa mbele kwenye foleni?" Hilo la foleni ndilo lilikuwa bora, na kwa maoni yangu halikutumiwa vya kutosha. Kanuni ya namna hii pia ina gharama yake: ukishaondoa hofu ya kufa, kila mwandishi wa komiki ya pembeni lazima atafute hofu nyingine. Baadhi walipata. Wengine walivumbua sehemu ambako kanuni haifanyi kazi, kama ulimwengu wa Otherworld mwaka 2020.

Kuna suala jingine ambalo halitokani na uandishi bali na umiliki wa wahusika. Avengers, kikosi kingine cha Marvel, walilijua mapema. Mwaka 1965, toleo la 16, Iron Man, Thor, Giant-Man na Wasp wanaondoka, na Captain America anabaki na Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch. Wasomaji wengi waliona kikosi kimepungua nguvu. Lakini Thor na Iron Man walikuwa na visa vyao kwingine, hivyo ndani ya Avengers hawangeweza kubadilika. Mtu mwenye komiki yake hukopeshwa tu kwa kikosi, na mali ya kuazima hurudishwa kama ilivyotoka. Hawkeye na Wanda, ndiye Scarlet Witch, hawakuwa na pengine pa kwenda, kwa hiyo Avengers ndiyo ikawa maisha yao. Baadaye Wanda na mwanakikosi mwenzake Vision wakapendana, wakaoana 1975, na ndoa hiyo ikabeba visa kwa miaka.

Linganisha na Storm na Black Panther. Walioana 2006 ndani ya komiki ya Black Panther, harusi kubwa, watu wakafurahi. Ila Storm ni wa ofisi ya X-Men na T'Challa, yaani Black Panther, ana ofisi yake. Ndoa yenye wahariri wawili haikai: kila upande unahitaji mtu wake abaki nyumbani. Mwaka 2012, wakati X-Men na Avengers wanapigana, ikavunjwa, na ilivunjwa kwa sababu tukio kubwa lilihitaji maumivu, wala si kwa jambo lililokuwa limejengwa kati ya wawili hao. Bado nahisi pale palikuwa na miaka kumi ya visa vilivyotupwa.

Legion iliumizwa na umiliki vibaya zaidi. Chanzo cha kikosi chao ni Superboy, yaani Superman akiwa kijana, tangu toleo lao la kwanza la 1958. Mwaka 1986 Superman akaandikwa upya na Superboy akafutwa. Levitz akajaribu kuziba: Superboy wa Legion alitoka ulimwengu mdogo uliotengenezwa na adui wao Time Trapper, na akafa 1987. Kiraka kilifanya kazi kwa muda. Kisha mwaka 1990 naye akaondolewa kabisa katika historia na mwanachama mwingine, Mon-El, akawekwa mahali pake. Ukitoa jiwe la msingi, lazima uguse kila ukuta. Kufikia 1994 waliamua kuanza moja, wakaanza tena 2004, wakarudi nyuma 2007, wakaanza tena 2019. Kila mara shabiki anaambiwa madeni ya zamani yamefutwa, na kila mara wachache zaidi wanakubali kukopesha upya.

Muda nao ni mtego, ingawa X-Men wameupita kwa namna mbili tofauti. Toleo la 102 la mwaka 1976 linasema wazazi wa Storm waliuawa ndege ya kivita ilipoangukia nyumba yao Cairo wakati wa vita vya Suez, 1956, naye akafukiwa kwenye kifusi akiwa mtoto mdogo. Hofu yake ya sehemu finyu inatoka hapo. Kwa hesabu hiyo leo angekuwa bibi wa zaidi ya miaka 70. Dawa yake ni rahisi, unaacha kutaja Suez na kubakiza kifusi. Magneto, adui wao wa siku nyingi, hawezi kusogezwa hivyo, kwa sababu Auschwitz, kambi ya Wanazi aliyonusurika, haina tarehe mbadala. Bahati nzuri, mwaka 1974 alikuwa amegeuzwa mtoto mchanga katika kisa cha kawaida kabisa cha komiki ya Defenders, na 1977 akarudishwa akiwa kijana mwenye nguvu. Claremont alipompa historia ya Auschwitz mwaka 1981, mlango ulikuwa tayari wazi. Huko ndiko kusoma daftari la wenzako.

Kwa komiki za sasa, lawama yangu kubwa ni kwamba daftari lenyewe halina muda wa kujaa. Visa vinakatwa matoleo matano au sita ili vitoshe kwenye juzuu moja, kwa hiyo A inajaza kurasa zote na C na D hazipandwi. Uncanny X-Men ya kwanza ilifika toleo la 544 mwaka 2011. Tangu hapo imeanza upya kwa namba 1 mwaka 2011, 2013, 2016, 2018 na 2024. Uzi kama wa Storm wa 170 hadi 201 ulihitaji matoleo 32 mfululizo chini ya mwandishi mmoja. Ile ya 2011 iliishia toleo la 20, ya 2016 la 19. Mwandishi mwenye kipaji chochote, ukimpa matoleo 19 ya kikosi cha watu sita, atafunga kisa kikuu tu.

Anayetaka kuona jedwali likifanya kazi asianze na juzuu za Phoenix peke yake, maana huwa zimekatwa kuanzia 129 na nyuzi za nyuma hazimo. Aanze 94 hadi 143, kisha 168 hadi 201, na penseli mkononi. Kila toleo andika pembeni jina la uzi na idadi ya kurasa ulizopata. Fuatilia hasa kurasa za Cyclops kuanzia anapokutana na Madelyne, toleo la 168: zinavyopungua ndani ya kikosi, zinavyohamia nyumbani. Ukifika 201, kabla hata Storm hajarusha ngumi, hesabu yako ya pembeni itakuwa imeshakuambia nani atashindwa.